Ngumi ya Audax

Kisa cha Audax na mwalimu kilikuwa mali ya Esperansia. Alikisimulia harusini, alikisimulia matangani, alikisimulia kwenye foleni ya kliniki pale Rulenge akina mama wakiwa wamenuna kwa kungoja, na hakuna siku aliyokisimulia watu wasicheke. Kilikuwa hivi. Kaka yake akiwa darasa la pili, na yeye Esperansia bado ana meno ya utoto, alikuja shuleni mwalimu mgeni kutoka mbali, mtu wa suruali yenye mstari wa pasi. Akauliza darasa: tatu na mbili ni ngapi? Audax, ambaye mdomo wake ulikuwa mzito mbele ya wageni, akanyanyua ngumi. Mwalimu akaona mtoto wa miaka minane anamtishia konde. Viboko vitatu, papo hapo. Kisha akamuuliza tena, kwa ule upole wa mtu aliyekwisha kuchapa: tatu na mbili ni ngapi? Na Audax, machozi yakimtiririka, akanyanyua ngumi ile ile.

"Akala vingine vitatu," Esperansia humalizia. "Siku hiyo, ndugu zangu, tatu na mbili zilikuwa sita!"

Watu wa rika lake walicheka kwa kuwa walijua. Kwa wazee wa kwao Ngara, tano huonyeshwa kwa mkono uliofumbwa. Vidole vinasimama kimoja kimoja, na ukifika tano unaufunga mkono, umeshika kitu kizima, gatanu. Vijana nao walicheka, ila wao walidhani Audax alikuwa mtoto mkorofi tu. Mwenyewe Audax hakuwahi kukicheka sana kisa hicho. Kesho yake hakwenda shule, wala kesho kutwa, na baba yao, aliyekuwa na mbuzi wengi kuliko watoto, hakuona hasara yoyote. Ndivyo kaka mtu alivyokua bila kujua kuandika zaidi ya jina lake.

Lakini kuhesabu alijua, tena kuliko mwalimu. Kwao kulikuwa na mabonde mawili na kijito katikati. Audax alichunga ng'ambo, na Esperansia, kwa kuwa alikuwa mdogo, alikaa juu mlangoni mwa zizi kupokea. Jioni mbuzi walivuka kwa mafungu, wengine wakikawia kula majani ya kando ya maji, na mtoto wa kike kule juu alitaka kujua wamebaki wangapi ili asifunge mlango mapema. Kupiga kelele hakukusaidia, upepo ulibeba maneno ukayapeleka kwa majirani. Basi Audax alisimama kwenye mwamba akanyanyua mikono. Ngumi na vidole viwili, wamebaki saba. Ngumi peke yake, tano. Vidole vitatu, viwili, kimoja. Akishavuka wa mwisho, Audax alinyanyua viganja vyote viwili vimefunguka, vitupu: hakuna aliyebaki. Hapo ndipo yeye mwenyewe aliteremka kurudi nyumbani, na Esperansia alianza kusikia harufu ya maharage jikoni kwa mama. Katika maisha yake yote, na ameishi miaka sitini na sita, hajapata tena raha inayofanana na ile ya kuona viganja vile vimefunguka ng'ambo ya bonde.

Wakakua. Audax akaenda Biharamulo kutafuta shamba, enzi ambazo upande ule wa Nemba ulikuwa na nyani wengi kuliko watu. Esperansia akaolewa karibu na misheni, akazaa, akafiwa na mume, na badala ya kukaa kushika tama akajiunga na kikundi cha parokia cha kuhudumia wagonjwa majumbani. Walifundishwa wiki mbili, wakapewa mkoba. Miaka kumi na tisa sasa anao mkoba huo, kamba imeshabadilishwa mara tatu. Ndani mna glovu, sabuni, mafuta ya kupaka na vidonge vya kusaga na kunyunyiza kwenye kidonda kinachonuka, ili majirani wasikose kuja kusalimia. Humo mna pia mbegu za papai zilizokaushwa na kutwangwa, kwa sababu dawa kali ya maumivu inafunga choo, na hilo watu wa mjini hawakuambii. Amewageuza watu vitandani, amewaosha, amewasikiliza wakiungama mambo ambayo padri hakuyapata. Ukimuuliza kazi yake ni nini, anajibu kwamba yeye anasindikiza.

Kwa hiyo habari ya Audax ilipofika, haikumkuta mgeni wa mambo. Elick, mtoto wa Audax, alipiga simu akieleza kwa kuzungukazunguka. Baba hamezi chakula. Baba amekwenda Mwanza. Huko Mwanza madaktari wamempima, wamesema ni saratani ya koo, imeshasambaa, wamempa barua na kumrudisha nyumbani.

"Nyumbani kuna nani wa kumwangalia?" Esperansia akauliza.

"Mimi asubuhi na jioni, shangazi. Mchana niko shamba. Joan yupo, ila unajua tena."

Alijua. Joan ni mke wa Elick, na mkwe hamgusi baba mkwe wake, wala haingii alikolala. Joan alikuwa mtoto wa Kisukuma, ila aliishika mila ya ukweni kuliko wenyewe walioizaa. Aliweka uji mlangoni, akakohoa kidogo, akaondoka. Esperansia akafunga mkoba, akabadili magari mawili na bodaboda moja, akafika Nemba vumbi likiwa limemgeuza rangi.

Alimkuta kaka yake amelala chumba cha mbele, mwili umekwisha, macho ni yale yale. Sauti haikuwepo. Ile sauti iliyoongoza nyimbo kanisani miaka thelathini, sasa ilikuwa pumzi tu. Audax alipomwona dada yake mlangoni alitabasamu, kisha akanyanyua kidole kimoja. Esperansia akaelewa, akacheka na kulia pamoja. Mbuzi mmoja alikuwa amebaki, naye sasa amefika.

Sasa, kuhusu dawa. Ipo dawa ya maji, chungu kama shubiri, inayokata maumivu ya namna hiyo. Haiponyi, na wala haidai kuponya, ila inampa mtu nafasi ya kulala na kuagana na wenzake akiwa na akili zake. Kwa maoni yangu mimi msimulizi, hakuna dawa yenye adabu kuliko hiyo. Lakini haiuzwi dukani, inafungiwa kabatini, na kati ya kabati na mgonjwa kuna barabara ambayo kila mwaka wa uchaguzi inatengenezwa kwa mdomo. Aliyeizungusha Nemba na Nyamigogo alikuwa nesi mmoja, na pikipiki moja, kila baada ya wiki mbili.

Nesi huyo ni Shamsia, binti wa wafanyabiashara wa Biharamulo mjini. Babu wa babu yake alikuja na msafara kutoka pwani akasahau kurudi, na Kiswahili cha nyumbani kwao bado ni laini mpaka leo. Kijana mwenye bidii, mwenye heshima, hijabu yake imefungwa vizuri chini ya helmeti. Kila mgonjwa wake ana kadi, na kwenye kadi pameandikwa namba ya maumivu, kuanzia sifuri hadi tano. Asiyeweza kusema anaonyesha kwa mkono. Shamsia alishamweleza Audax siku ya kwanza, na Audax akaitikia kwa kichwa, kwa sababu mgeni akikueleza jambo unaitikia.

Siku Shamsia alipokuja, Esperansia alikuwa uani na Joan wakichambua maharage. Alisikia salamu.

"Shikamoo, babu. Leo maumivu ni namba ngapi? Nionyeshe kwa mkono."

Kisha sauti ya nesi ikiwa na furaha: "Sifuri tena! Hongera, babu. Mara ya pili hii."

Esperansia akaacha maharage, akafanya ishara ya msalaba. Alimshukuru Mungu kwa sauti, akamwambia Joan kwamba dawa za siku hizi ni muujiza. Shamsia alipotoka alimsalimu kwa adabu, akamweleza kuwa kwa kuwa babu anaendelea vizuri atapunguza kipimo kidogo, na chupa ya pili ataipeleka Nyamigogo kwa mzee mwingine. Esperansia, mtu mzima na mkoba wake wa miaka kumi na tisa, akasema vizuri sana, mwanangu, Mungu akubariki. Neno hilo limemkaa kooni mpaka leo.

Kesho yake asubuhi aliingia na uji. Audax alikuwa ameugeukia ukuta. Esperansia akamvuta blanketi ili amweke sawa, akaona pembe yake imetafunwa mpaka nyuzi zimeachana. Akagusa shuka, limelowa jasho. Akaelewa nusu, na nusu hiyo ikampandisha hasira. Anawafahamu wanaume wa kwao. Mwanamume haguni mbele ya mgeni, sembuse mgeni binti mdogo. Atatabasamu, atakukaribisha kiti, ukitoka atang'ata blanketi.

"Audax we!" akamfokea. "Jana umemwambia mtoto wa watu kwamba huumwi. Na hili blanketi limeliwa na panya? Mpaka dawa imepunguzwa kwa ajili ya uongo wako! Unamwonea nani haya, mzee mzima?"

Audax akageuka. Akamtazama dada yake kwa muda, halafu akanyanyua ngumi.

"Unataka kunipiga?" Esperansia akapaza sauti. "Mimi? Nimetoka Rulenge kwa magari mawili nije nipigwe?"

Ngumi ikashuka. Machozi yakaanza kumtoka mzee, taratibu, yakiingia kwenye mikunjo ya mashavu. Na Audax, machozi yakimtiririka, akanyanyua ngumi ile ile.

Kijiko kilimponyoka Esperansia. Maneno hayo alikuwa ameyasema mwenyewe mara elfu, harusini, matangani, kwenye foleni ya kliniki, na kila alipoyasema watu walicheka. Miaka sitini alikuwa anamcheka yule mwalimu mwenye mstari wa pasi. Leo yeye amesimama palepale aliposimama mwalimu.

"Gatanu?" akauliza, na sauti yake ilitoka ya kitoto.

Audax akafumba macho, akaitikia kwa kichwa. Si kwa heshima ya mgeni safari hii.

Nemba mtandao hupatikana juu ya kichuguu kimoja nyuma ya nyumba ya jirani, na kila mtu anakijua. Esperansia alikipanda akiwa na kanga moja na kadi ya mgonjwa mkononi, akasoma namba ya simu kwa kuikazia macho. Shamsia alipokea akiwa Nyamigogo.

"Nesi, mwanangu, jana kaka yangu alikuonyesha nini? Nieleze mkono ulivyokuwa."

"Alifumba, bibi. Mkono uliofumbwa ni sifuri. Ukifunguka wote ni tano, maumivu makali kabisa. Ndivyo tulivyofundishwa, na picha iko nyuma ya kadi."

Esperansia akaigeuza kadi. Picha ilikuwepo kweli, viganja sita vimechorwa vizuri kwa mstari. Kuona kwake kwa karibu hakukuwa kuzuri, na hakuwahi kuigeuza.

"Mwanangu," alisema, "kwetu hiyo ndiyo tano."

Shamsia akasema, "Nakuja," na simu ikakatika.

Alifika kabla ya saa nane, matope yamefika magotini. Hakusalimia mtu uani, na kwa binti aliyelelewa vile hilo lilisema yote. Alipiga magoti kando ya kitanda, akashika ule mkono uliofumbwa kwa mikono yake miwili, akasema, "Nisamehe, babu. Sikujua kusoma." Akapima dawa, akamnywesha kidogokidogo, akakaa kungoja. Audax alipolala, na alilala kweli, mdomo wazi, akikoroma kama enzi zake, Shamsia alitoka uani akakaa chini karibu na ungo wa maharage.

"Bibi, wazee wa Nyamigogo nao wanahesabu hivyo?"

"Wasubi? Wazee wa huku wote, mwanangu. Nyie wa shule ndio mmefungua mikono."

"Nina wazee wanne kule. Wawili wananionyesha ngumi kila nikienda. Nilikuwa najisifu nao kwa daktari." Alichukua harage moja akaligeuzageuza. "Na kulikuwa na wa tatu, mzee Hakizimana. Amefariki wiki ya Pasaka. Nilimwandikia sifuri mpaka siku ya mwisho."

Esperansia hakumwambia kwamba si kosa lake. Angetaka kumwambia, ila na yeye alikuwa anatafuta mtu wa kumwambia vivyo hivyo. Alisogeza ungo katikati yao, na wakachambua maharage mpaka Joan akaleta chai. Baada ya chai Shamsia alitoa kalamu, akaigeuza kadi, akasema, "Nifundishe." Esperansia akamwonyesha kidole kwa kidole. Nesi aliichora mikono upya chini ya ile ya zamani, akarudia mwenyewe mara tatu, na alipofunga ngumi kusema gatanu alivuta herufi kipwani mpaka Joan akacheka. Jioni ile alirudi Nyamigogo badala ya kwenda kwao mjini.

Zilizofuata zilikuwa wiki tatu na siku mbili. Esperansia anazihesabu hivyo, na kwa nafsi yake zilikuwa nzuri. Asubuhi alimuuliza kaka yake, naye akajibu kwa vidole: vitatu, siku nyingine viwili, siku moja ya mvua vinne, na Shamsia akapigiwa simu kutoka kichuguuni akasema ongezeni kidogo. Kabla ya kwenda shamba Elick alimtoa babake nje kwenye kivuli cha migomba, wakamlaza kwenye mkeka, na dada mtu akakaa kando akimkumbusha mambo ya kale. Beberu mwekundu aliyekula kanzu ya katekista. Mama yao alivyokuwa akipika maharage kwa siagi ya ng'ombe, akificha kipande cha ndizi cha Audax chini ya kawa. Wimbo wa Noeli aliouanza juu sana, kwaya nzima ikabaki njiani. Audax alicheka bila sauti, mabega yakitikisika. Kisa cha mwalimu Esperansia hakukisimulia. Siku moja Audax mwenyewe alikiomba, kwa kunyanyua ngumi na kujichapa kiganjani mara tatu. Dada yake akatikisa kichwa. Audax akasisitiza. Basi akakisimulia, taratibu, na alipofika kwenye viboko vya pili alishindwa kuendelea, na aliyecheka safari hii ni Audax.

Hata Joan alibadilika. Alianza kusimama mlangoni, kisha akakaa kwenye kizingiti, mgongo ameugeuza kwa heshima, akimenya ndizi na kusikiliza. Hakuvuka, ila hakuondoka tena.

Ziara ya mwisho ya Shamsia ilikuwa saa nne asubuhi, jua limeshakausha umande. Audax alikuwa hajala kitu siku mbili, na maji alikuwa akiloweshwa midomo tu kwa pamba. Pumzi zake zilikuja zikipumzika katikati. Elick hakwenda shamba, alikaa miguuni pa kitanda. Shamsia aliinama, akaongea karibu na sikio.

"Shikamoo, babu. Ni mimi. Nionyeshe."

Ilichukua muda. Mkono ulitoka chini ya blanketi jipya, ukapanda polepole, na Esperansia akajiandaa kuona ngumi. Haikuwa ngumi. Vidole vilifunguka kimoja baada ya kingine mpaka kiganja chote kikawa wazi, kikaelekea kwao. Mkono wa pili ukajaribu kufuata, ukafika kifuani, nao ukafunguka.

Vidole vitano, vimenyooka kama pichani. Shamsia alitazama kadi, akatazama michoro yake mwenyewe chini, ambayo haikuwa na kiganja cha namna hiyo, kisha akamgeukia Esperansia.

"Bibi, hii ni tano? Niongeze dawa?"

Esperansia alikuwa juu mlangoni mwa zizi, ana miaka sita, upepo unampiga usoni, na ng'ambo ya kijito kaka yake amesimama kwenye mwamba.

"Hapana, mwanangu," akasema. "Wote wamevuka. Andika sifuri."